Makomeo ya Mama Vifungo

Walimwita Mama Vifungo kwa sababu alishona sare za shule miaka thelathini, na kifungo alichokishona yeye hakikung'oka hata shati likichanika. Mumewe alipofariki, alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali.

Asubuhi moja alikwenda kliniki kupimwa presha. Aliporudi alikuta mlango umevunjwa. Wezi walikuwa wamebeba cherehani, pasi, na koti la marehemu lililoning'inia chumbani. Binti alimtumia cherehani nyingine. Koti ndilo lililomliza.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alimwita mchomeleaji, akataka nondo kila dirisha, hata lile dogo la bafuni. Mlango wa nyuma akauziba kwa matofali. Wa mbele ukapata kufuli mbili na komeo la ndani.

"Mama, dirisha moja nilitie bawaba, lifunguke kwa ndani," mchomeleaji alishauri. "Huwezi kujua."

"Kinachofunguka kwa ndani kitafunguka na kwa nje. Unga tu, baba."

Akaunga.

Mapazia mazito yakafuata. Nyumba ikawa na joto na giza, naye akawa anashona kwa taa mchana kweupe. Wateja hakuwaingiza tena. Alipokea nguo kupitia kwenye nondo. Mtaani wakamtania: Mama Vifungo kajipa kifungo cha maisha. Yeye hakucheka. Usiku alilala, na kwake hilo lilitosha.

Jumanne moja asubuhi aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Aliita mpaka sauti ikakauka. Aliyemsikia ni jirani yake, mfagizi mstaafu wa hospitali ambaye kwa kuongea bila kituo aliitwa Redio. Kwa miezi mingi Mama Vifungo alikuwa akimkwepa.

"Funguo ziko wapi, dada?" Redio aliuliza chini ya dirisha.

"Ninazo shingoni. Na komeo nimelitia."

Redio alimpigia simu mchomeleaji. Alikuwa kazini upande wa pili wa mji. Redio akageuza ndoo, akapanda juu yake, akapenyeza mkono kati ya nondo. Vidole vyao havikufikiana. Basi akaongea. Alimsimulia ndoa yake, ugomvi wake na wifi zake, na madaktari aliowafagilia.

"Usilale, dada."

"Nitalalaje na mdomo huo?"

Kisha Mama Vifungo akaanza kulia. "Kola ya lile koti ilikuwa bado na harufu yake," alisema. "Nilikuwa nainusa kila asubuhi. Sijamwambia mtu."

Redio alijinyoosha zaidi juu ya ndoo. Aliuacha mkono wake ukining'inia ndani ya dirisha.

Mchomeleaji alifika saa tatu baadaye. Hakusema "nilikuambia." Alivaa miwani yake, akakata.

Mama Vifungo alikaa hospitali miezi miwili, akarudi na mkongojo. Binti alitaka kumchukua.

"Nyumba hii baba yako aliijenga tofali kwa tofali," mama alisema. "Niache nijifunze kukaa ndani yake."

Mchomeleaji akaja tena. Akazitia bawaba nondo za chumbani na za bafuni, akang'oa komeo. Mwashi akaubomoa ule ukuta wa matofali, ukawekwa mlango imara wenye kufuli moja nzuri. Ufunguo wa pili alipewa Redio. Mama Vifungo alishona mwenyewe mapazia mepesi, na wateja wakaanza tena kuingia kupimwa.

Hofu haikumtoka. Siku nyingine alilijaribu kufuli mara tatu kabla ya kulala. Na mwaka uliofuata mwizi aliruka uzio, akachukua sufuria mbili uani. Binti alipiga simu aliposikia.

"Mama, turudishe komeo?"

"Sufuria zitanunuliwa, mwanangu," alijibu. Alikuwa ameketi dirishani, simu ameibana begani, akitafuta tundu la sindano kwa mwanga wa jua.