Misalaba Kando ya Majina

Juzi, mbele ya mnara wa kumbukumbu ya vita kule Ixelles, niliona misalaba midogo kando ya majina, nikakumbuka mchana mmoja nilipokuwa na miaka saba.

Maman alikuwa akisafisha chuo kimoja, na Jumatano, shule zikifungwa mapema, alinichukua niende naye kazini. Korido ilinukia sabuni na makoti yaliyolowa mvua. Ukutani palikuwa na picha ya zamani ya timu ya kandanda ya chuo, vijana kumi na mmoja wenye masharubu. Chini yake yaliandikwa majina na matokeo ya msimu wao: walishinda mechi zote isipokuwa moja. Majina sita yalikuwa na msalaba.

“Maman, hawa benye misalaba njo balifunga mabao?”

Kitambaa kilisimama mkononi mwake. “Ndiyo, mwana yangu. Balifunga mingi.”

“Hata kipa?”

“Hata kipa,” alisema polepole, kisha akakifuta kioo cha picha, uso baada ya uso, ingawa kilikuwa safi.

Nilishangilia mpaka korido nzima ikavuma.

Maman alikuwa amekimbia vita Bukavu, na kaka zake wawili wamezikwa huko. Aliijua maana ya misalaba ile. Aliniacha nishangilie.