Hori la Mawe la East Side

Jumamosi iliyopita nilitoka Cheektowaga, tunakoishi sasa, na wanangu wawili kununua sombe, yale majani ya muhogo, nikapitia makusudi mtaa wetu wa zamani, East Side ya Buffalo. Nilitaka waone jiwe. Usicheke, rafiki yangu! Nyanya yangu, mama yake baba, alilipigania jiwe hilo.

Tulihamia pale nikiwa na miaka kumi. Nyuma ya nyumba, kando ya reli, palikuwa na hori refu la mawe, limejaa chupa na majani makavu. Zamani ng'ombe walishushwa kwenye treni wakanywa maji humo kabla ya kuuzwa, lakini mtaani karibu wote walishasahau. Nyanya, aliyekua akichunga ng'ombe wa baba yake milimani Kivu, alilitambua siku ya kwanza. Kila Jumamosi alitukokota na ndoo na ufagio tukalisafishe, harufu ya sombe ikitufuata kutoka jikoni. Nilinung'unika wee!

Kisha ikaja barua ya kamati ya mtaa: hori livunjwe, pawe parkingi. Kwenye mkutano wa mtaa nyanya akasimama, mimi mkalimani wake. Mwenyekiti akasema hayo ni mawe tu, nani anajua yalikuwa ya nini.

"Bon," akasema nyanya, "akuje aone vile shingo za ng'ombe zilikula hii jiwe."

Ukumbi mzima ukamfuata nje hadi kwenye hori. Akaushika mkono wa mwenyekiti, akaupitisha ukingoni, pale palipolika pakawa laini. Halafu akawaita ng'ombe wa baba yake waje kunywa, kila mmoja kwa jina, kwa sauti iliyojaza mtaa. Wa mwisho Bihogo, mkaidi, ambaye lazima aitwe mara mbili. Jirani mzee, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye mazizi ya ng'ombe yaliyokuwa pale kando ya reli, akalia bila aibu. Kura ikapigwa palepale, mikono yote juu. Tulishinda! Nyanya alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, magari yakimsubiri.

Leo treni hazipo, mazizi hayapo, na nyanya tumeshamzika. Wanangu walilitazama hori, wakaniambia kwa Kiingereza kwamba ni jiwe tu. Nikaipitisha mikono yao ukingoni, nikaanza kuita ng'ombe. Majina mengi yamenipotea, na hilo liliniuma sana. Nilikuwa nimebakiza mmoja tu, wa mwisho.

"Bihogo!" akaita mwanangu mdogo, aliyenisikia nikisimulia garini.

"Huyo huitwa mara mbili," nikamwambia.

Akavuta pumzi, akaita tena.