Nilimkana Bibi wa Kompyuta Mbele ya Mkwe Wangu

Nimekosa. Nalisema mapema, asiyetaka kusoma aibu ya kikongwe aachie hapa.

Tulikuwa watano sebuleni kwangu, Mvumi. Mimi. Neema, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake, binti yangu Foibe, afariki. Ombeni, mchumba wake, fundi wa magemu ya kompyuta Dodoma mjini. Mzee Samweli, baba yake Ombeni, ametoka Kibakwe kuja kupanga siku ya ndoa. Na Zakaria, mshenga, mtoto wa marehemu Eliya fundi cherehani. Jina langu naliacha, ila hao wakisoma watanijua. Na wanijue!

Sasa sikia upuuzi wenyewe.

Ombeni alitengeneza kijiji ndani ya kompyuta. Watu wa humo hawachezeshwi na mtu, eti wana akili mnemba, wanajiendea wenyewe: wanateka maji, wanagombana, wanasengenyana. Kama vile wasengenyaji wa kweli wameisha duniani! Akataka kiwe na bibi. Akawa anakuja kwangu na simu ya kurekodi, niongee tu. Na mimi mjinga nikajiona mtu! Nikavaa kitenge cha kanisani ili nirekodiwe sauti. Sauti, jamani!

Nikawa namtania kama bibi anavyomtania mjukuu. "Wewe mume wangu gani, miguu kama ya korongo? Ukifa nakula ng'ombe zako na bwana mwingine, na matangani siji!" Ombeni anacheka mpaka anashika ukuta. Ng'ombe mwenyewe hana hata mkia.

Nikamuuliza, "Hayo yote itayasema?"

"Haikariri, bibi. Inajifunza unavyoongea, halafu inatunga yake."

"Itajua inaongea na nani?"

"Itajua tu. Inamkumbuka kila mtu."

Itajua nini, kitu ambacho hakijawahi kuwa na mkwe!

Siku ile ya wageni, kuku yuko jikoni, Ombeni akafungua kompyuta yake amwonyeshe baba yake kazi inayomlisha. Kwenye kioo nikaona kibibi kimejifunga kitenge, kinalima mwezi wa saba, vumbi tupu. Nikabinua mdomo. Kikaanza kuongea. Sauti yangu!

Mzee Samweli ni mtu wa adabu, hata kwa kioo. Akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mume wangu," ile takataka ikajibu. "Tumbo hilo umemwibia nani? Ukoo wenu unapukutika, na wewe ukifuata, ng'ombe nakula mimi!"

Mzee Samweli alikuwa ametoka kumzika mdogo wake, Yona. Kichwa chake bado kimenyolewa.

Hayo ya kupukutika sikuyasema mimi, ilitunga yenyewe. Lakini ng'ombe na mume ni vyangu. Na mimi nikacheka! Mdomo huu! Nilicheka kwa mazoea, jinsi unavyocheka utani wako mwenyewe.

Kwetu bibi na mjukuu wataniane mpaka usiku. Mkwe, hapana. Mkwe hata macho huyakazi kwake. Ndiyo maana mzee hakunigeukia. Alimgeukia mshenga.

"Zakaria, muulize mama. Maneno haya ni yake?"

Hapo ndipo kosa langu. Kicheko kingesameheka. Ningesema: ni yangu, nilimtania mjukuu, mashine imekosea mtu. Ningetoa mbuzi wa kuomba radhi, tukala, yakaisha.

Nikasema, "Mwambie siyajui. Amuulize aliyeitengeneza."

Ombeni akaniangalia. "Bibi?"

"Usinibibi! Nakujua wewe na mashine yako?"

Sauti yangu yote alikuwa nayo kwenye simu mfukoni. Angeifungulia hapo hapo, nikaumbuka. Alifunga kompyuta tu, akasema, "Baba, ni mimi."

"Kwa hiyo umechukua sauti ya mama wa watu ukaifundisha initukane," mzee akasema, "na kaburi la mdogo wangu bado bichi."

Wakaondoka kuku hajaiva.

Zakaria alirudi peke yake kuniambia Kibakwe hawaji tena. Ombeni na baba yake hawasemezani. Neema kahamia Chamwino, amepanga chumba. Akija anasalimia akiwa mlangoni, haingii. Alikuwepo nikirekodiwa, alijua yote, na siku ile alinyamaza asinivunjie heshima. Neno moja tu amewahi kuniambia: "Bibi, ungesema tu."

Ile mashine naidharau mpaka leo. Lakini haikumdanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi, nywele nyeupe hizi, nikamwachia kijana wa watu mzigo wangu kwa kuogopa aibu ya dakika moja. Shenzi kabisa mimi!

Wazee wenzangu, wakija na simu zao kuomba sauti, wapeni hadithi, wapeni nyimbo za kutwangia. Utani msiwape, utani unataka kujua nani kakaa mbele yako. Na kama umeshautoa, ukakurudia, simama useme ni wako. Kabla kuku hajaiva, useme.

Zakaria, kama unasoma, msomee Mzee Samweli. Nikikosea mahali nisahihisheni, nimezeeka. Labda alisema "mdogo wangu", labda alimtaja Yona kwa jina, hapo sina hakika. Lakini maneno yalikuwa yangu. Hapo msinisahihishe.