Hita Tatu za Ghorofa ya Sita

Fundi umeme wa jengo lile, ambaye hata mkewe alimwita Fyuzi, alikuwa na wivu, tena wivu wa kumkosesha hamu ya kula. Miaka kumi na saba ameshika swichi za ghorofa tisa, leo meneja anamleta mtu wa kukadiria umeme utakaookolewa wakizima mashine zisizo za lazima saa za mchana. Na kati ya watu wote, mtu mwenyewe ni mwanyumba wake, mume wa shemeji yake, yule anayewekewa kiti chenye mto kila wakikutana ukweni!

Isitoshe, nafasi ya mkuu wa matengenezo ilikuwa wazi. Meneja alishatamka: makadirio yakilingana na mita, nafasi ni ya mwanyumba, yasipolingana, ni ya Fyuzi.

Siku nne mwanyumba alizunguka na daftari. Viyoyozi alivipunguzia hesabu, maana haviungurumi muda wote. Hita za maji, kwa kuwa saa hizo hutumika mfululizo, alizihesabu zote kwa nguvu kamili.

"Mwanyumba, kuna nisilolijua hapa?" aliuliza.

"Msomi si wewe, bwana?" Fyuzi akajibu, roho yake kwatu. Alijua hita tatu za ghorofa ya sita zimeungua zamani, na kilichokufa hata ukikizima hakiokoi kitu.

Siku ya majaribio walisimama watatu mbele ya mita. Makadirio yalikuwa kilowati arobaini na nane. Swichi zikashushwa, matumizi yakapungua kilowati thelathini na tisa, basi.

Fyuzi uzalendo ukamshinda. "Tisa hazipo! Hita tatu za ghorofa ya sita ni mbovu, mwaka wa tatu huu!"

"Mbona fomu zako za ukaguzi zinasema nzima?" mwanyumba akauliza taratibu, akafungua faili. Kila mwezi neno ni lile lile, na sahihi ya Fyuzi chini yake, ya mbwembwe.

Meneja akamgeukia. "Kumbe! Na wale waliolalamikia maji baridi, ukaniambia wanadeka? Haya, arobaini na nane toa tisa ni ngapi?"

"Thelathini na tisa," Fyuzi akajibu. Hesabu ya mwanyumba ilikuwa sawasawa.

"Kesho usije," meneja akasema.

"Samahani, bosi, usimfukuze," mwanyumba akaingilia, kwa upole wa kweli. "Nitahitaji msaidizi anayelijua jengo."

Fyuzi akaona heri angefukuzwa.