Deki ya Baba Siku ya Idi

Baba yangu hukusanya filamu za diski ambazo wageni wa hoteli za Diani huziacha wakiondoka. Nyingi ni za aina ile iliyoshindwa sokoni na aina nyingine ya diski, na deki za kuzichezea hazitengenezwi tena. Yetu ikifa, kabati zima la filamu limekufa.

Jana ilikuwa Idi. Mama alifukiza udi sebuleni, akaweka chetezo ubavuni mwa deki, moshi wote ukaingia ndani. Nilimwona, lakini wageni walikuwa wameshajaa, nami huona haya kusema mbele za watu.

Baba akatia diski. Deki ikaguna, ikaitema. Jirani yetu, ambaye hukusanya diski za aina iliyoshinda, akacheka: "Bwana wee, hizo sahani zipakulieni pilau!"

Baba aliifungua deki kwa bisibisi, akalipangusa kwa pamba lile jicho linalosoma diski. Mara hii picha ikatokea, watoto wakashangilia.

Wote wakatazama filamu. Baba alitazama taa ya deki tu. Nami pia, na kila ilipopepesa nilisoma Bismillahi kimoyomoyo.