Jina Nililolifuta

Mimi mkali, sikatai. Mama husema ulimi wangu ungekuwa wembe, mtaa mzima wa Mkunazini ungekuwa umeshachanjwa. Ndiyo maana chuo kilipotugawa wanne wanne kwa kazi ya mwisho ya diploma ya ualimu wa maandalizi, ile tunayosoma mtandaoni, wenzangu wakanipa mimi uongozi. Alikuwepo Ismail wa Fuoni, Nadra anayefanya kazi hotelini Kendwa, na Bi Kazija wa Makunduchi. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Tulijuana kwenye grupu la WhatsApp tu.

Bi Kazija ndiye mkubwa wetu, miaka arubaini na tatu. Jumatatu mpaka Ijumaa akisomesha watoto wa maandalizi kijijini kwao, kwa kujitolea, mwaka wa tisa huo. Riziki yake ilitoka kwenye mwani anaoulima pwani. Sasa skuli ikawaambia walimu wa kujitolea: asiye na cheti, mwisho wake Disemba. Sisi tulikitafuta cheti tupate kazi. Yeye alikitafuta asinyang'anywe watoto wake.

Nikapanga mikutano sita, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Na sheria nikaweka: atakayekosa mitatu, jina lake halimo. Bi Kazija akatuma sauti, maana kuandika kwenye simu kulimchosha.

"Mwanangu Saadiya, Jumamosi za bamvua saa hiyo maji yametoka mbali, na mwani ndiyo wakati wake. Hatuwezi kusogeza mpaka jioni?"

Bamvua huja kila baada ya wiki mbili. Mimi wa mjini, bahari naijua ya kuitazama tu, nikamjibu: "Bi Kazija, masomo hayangoji maji." Nadra akaweka vikaragosi vitatu vya kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona nimesema neno.

Basi ikawa wiki yupo, wiki hayupo. Siku ambazo hayupo, sauti zake zikija mchana, ndefu, dakika sita, dakika saba. Mimi nshakasirika, sizifungui. Sehemu ya nne, ya kuwafundisha watoto hesabu, aliyopangiwa Bi Kazija, nikaiona imeingia kwenye faili letu kwa jina la Ismail, nzuri ajabu. Nikasema alhamdulillahi, Ismail kaziba pengo. Siku ya kuwasilisha nikalifuta jina la Bi Kazija kwenye ukurasa wa mbele. Sikumuuliza mtu, sikumwambia mtu.

Tukapata alama themanini na mbili. Mwalimu wa chuo akaandika pembeni: "Sehemu ya nne imeandikwa na mtu anayewajua watoto." Jioni ile Ismail akanipigia, hata salamu hakutoa.

"Saadiya, jina la Bi Kazija liko wapi?"

"Kakosa mikutano mitatu. Na sehemu yake si umeiandika wewe?"

"Mimi? Mimi nimepiga chapa tu! Maneno yote yake, kayatuma kwenye grupu. Kwani wewe husikilizi?"

Nikakaa kitako kwenye ngazi, nikazifungua sauti moja moja. Yalikuwemo yote: watoto kuhesabu kwa simbi za kuokota pwani, kupima kwa kamba ya mwani, na yule mzito wa kusema aanze kwa vidole, asiharakishwe. Maji yalisikika yakimpiga miguuni. Mwisho wa sauti ya mwisho akasema, "Niwieni radhi wanangu kwa kuchelewa, nnasema nimesimama majini." Nililia mpaka kichwa kikaniuma.

Nikaandikia chuo, nikapiga simu, nikenda kwa miguu yangu. Matokeo yameshafungwa, wakasema. Arudie mwakani.

Januari nikenda Makunduchi. Ilikuwa Jumatatu, saa za skuli, na nikamkuta barazani kwake anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Mwembamba, nami sauti yake ilinifanya nidhani ni mtu mnene.

"Shikamoo, Bi Kazija. Mimi ndiye Saadiya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekula?"

Akaniletea muhogo na samaki kabla sijasema kitu. Nikamwambia yote huku nnalia. Nikamwambia kiburi ndicho kilichonifanya, na mwaka huu akirudia nitakaa naye bega kwa bega mpaka amalize.

"Yaliyopita si ndwele, Bi Kazija, tugange yajayo."

"Yajayo yepi, mwanangu?" Hakupandisha sauti. "Kaletwa mwalimu mwengine, ana cheti. Msichana mzuri tu, mpole."

Watoto wawili wakapita mbio na mikoba, wamechelewa. "Mwalimu Kazija!" wakaita.

"Naam!" Akainuka nusu, mkono umeshakwenda kwenye mtandio. Halafu akakaa tena. "Haya kimbieni, mwalimu anakungojeeni."

Akaendelea na kamba yake kidogo.

"Mimi nshakusamehe, wallahi, sina kinyongo," akasema. "Lakini nitoe kwenye lile grupu. Kila siku mnapongezana, moyo wangu hauwezi. Mwenyewe sijui pa kubonyeza. Wewe unajua."

Nikatoa simu yangu, nikalitafuta jina lake, nikalifuta mara ya pili.