Kichwa Kilichosukwa Nusu

Msusi huyo watu walimwita Vidole, na jina hilo hakulichukia. Mdomo wake ulikwenda kasi kuliko mikono. Ukikaa kwenye kiti chake, utasikia nani kaachwa na nani kachumbiwa. Alasiri moja mdomo ulinyamaza ghafla.

Alikuwa akimsuka binti wa dada yake, msichana wa miaka kumi na saba anayejiandaa kwenda sherehe na mpenzi wake. Nyuma ya sikio vidole vilikuta kiraka kisicho na nywele, ngozi bado nyekundu. Alipokigusa, msichana aliruka.

"Nani kakung'oa nywele?"

"Ni chanuo tu, mama mdogo."

"Chanuo nakijua mimi. Huu ni mkono wa mtu."

Msichana aliinamisha kichwa. "Alikuwa amelewa. Akiwa hajanywa hata sauti hanipandishii. Ni pombe ile."

"Na huyo mpenzi wako akilewa, humvuta nywele bosi wake wa gereji?"

"Hapana."

"Basi hiyo pombe inajua kuchagua."

Honi ya pikipiki ililia nje. Kijana, mpenzi mwenyewe, akafunua pazia la mlango, macho mekundu, harufu ya bia imemtangulia. "Shikamoo, mama mdogo. Hamjamaliza tu?"

"Marahaba. Bado sana."

Vidole alitamani kumtimua kama kuku, ila alimjua mpwa wake: ukimsema mpenzi wake mbele yake, atamtetea kisha atapanda pikipiki. Akaamua kumchelewesha. Hakuna msichana anayetoka na kichwa kilichosukwa nusu, kwa hiyo akaanza kugawa nywele vifungu vyembamba kama uzi, msuko baada ya msuko, polepole kama hajawahi kusuka.

"Funga kitambaa, twende," kijana alisema.

"Ngoja kidogo, mpenzi."

Kijana akapiga teke ndoo ya maji. "Nimesema simama."

Chini ya vidole, shingo ya msichana ilikakamaa. Vidole alisogea, akasimama kati ya kiti na mlango, chanuo mkononi.

Msichana alijitazama kwenye kioo kwa muda. Nusu ya kichwa ilikuwa imependeza kweli.

"Nenda tu," alimwambia kijana bila kugeuka. Kijana akasonya, akatoka, pikipiki ikaondoka. "Mama mdogo, fumua zote. Tuanze upya."

Vidole alikomea mlango, akarudi kitini, akaanza kufumua.